Kurasa Arobaini na Nane

Viti ishirini na vinne, watu kumi na mmoja,
na wa kumi na mmoja ni mume wa mwenye duka
aliyeingia kukaza skrubu za hita.
Nje theluji ya Machi inaiangukia Tartu,
theluji legelege, isiyoamua kama ni mvua.

Naitwa Virve Kallaste. Riwaya sita, mume mmoja, marehemu.
Leo nachuuza kijitabu: kurasa arobaini na nane,
jalada rangi ya haradali,
vijembe vitupu kwa wahakiki wa vitabu,
wale wanaokionja chungu kwa kunusa mfuniko.
Mchapishaji kanionya kwenye simu:
kejeli haiuziki kwa uso wa matanga, Virve. Cheka.
Basi nacheka. Meno yangu yamo ziarani,
jana Viljandi, kesho Võru,
na hapa, kati ya rafu ya mapishi na rafu ya ramani,
nasoma ukurasa wa tisa, maelekezo kwa mhakiki chipukizi:

    Kwanza lipime jalada,
    usisumbuke na mada,
    omba posho ya ziada,
    kisha tandaza habari.

    Sema "kazi ya makini,"
    "imezama kilindini,"
    taja kosa la pembeni
    uonekane hodari.

    Ukikwama katikati
    chungulia magazeti,
    chota neno, chota beti,
    utaitwa mhariri.

Wakacheka. Hata yule wa hita alicheka, bisibisi mkononi.
Nikaona raha, sikatai. Miaka thelathini nimekuwa nyama,
jioni moja niwe kisu.

Kisha mkono ukainuka safu ya nyuma.
Endel Raudmäe, koti hajalivua,
aliyepata kuandika kuwa riwaya yangu ya tatu
"inatembea kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa."
(Sentensi hiyo nimeihifadhi. Ni nzuri. Hilo ndilo liniumalo.)
Akasema: ukurasa wa thelathini na moja, bibi,
umedai riwaya hiyo ina sura kumi na tisa.
Zipo ishirini.
Nikahesabu kichwani mbele za watu. Zipo ishirini.
Kumbe alikisoma. Vyote viwili alivisoma.
Nikamshukuru, sauti imenitoka nyembamba
kama uzi unaotafuta tundu la sindano.

Nakala saba ziliuzwa. Moja kwa Raudmäe, alilipa kwa sarafu.
Wa mwisho alikuwa mwanamke wa makamo yangu, glavu za kijani.
Nikamuuliza kama niwaulizavyo wote: niandike kwa nani?
Leida Sarapik, akasema, akaitaja herufi moja moja,
polepole, kana kwamba ananipa nafasi.

Nafasi niliichukua.
Mwaka ule nilikuwa na deni la pango, na gazeti lililipa kwa neno.
Mashairi yake, kitabu chembamba cha kijivu,
niliyasoma hadi ukurasa wa kumi na nne, viazi havijaiva,
nikaandika: "kazi changa, isiyo na haraka ya kukua,"
nikaipeleka kabla ya saa kumi.
Sijawahi kuona kitabu chake cha pili.
Sijawahi kukitafuta.

Peni ilikaa juu ya karatasi hadi wino ukafanya doa.
"Andika jina tu," alisema, "basi langu linapita saa mbili kasoro."
Nikaandika jina tu.
Akakitia mfukoni, akakaza skafu,
na mlangoni akageuka: "Huo ukurasa wa tisa
nimeucheka kweli. Uliyajuaje yote hayo?"

Mwenye duka alianza kukunja viti.
Hita iliwaka mara moja, ikazima.